Kaimu Mara Saba

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Kaimu Mkuu wa Maabara ya Kemia anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Amekaimu mara saba. Kuwa Mkuu mwenyewe, hajawahi hata siku moja. Chuo kikuu chetu hakina pupa.

Alianza kwa kuosha chupa, akapanda hadi fundi sanifu, na ngazi ikaishia hapo. Kila Mkuu alipoondoka, mzee wetu alikabidhiwa funguo na barua ya kukaimu. Nafasi ikitangazwa, anaomba. Usaili ukiisha, anakuja Mkuu mpya, mweupe kama aliyemtangulia, na mzee anaombwa kwa heshima zote amfundishe kazi. Amewafundisha sita.

Kamati ya ajira haikuwahi kutaja rangi, hata kidogo. Ina adabu zake. Mara ya kwanza alikosa shahada. Akasoma jioni miaka mitano, akaipata. Mara ya pili kosa likawa kwamba shahada yenyewe ni ya jioni. Mara ya nne uzoefu wake ulikuwa mwingi mno, wakahofia kazi itamchosha. Cheo akapewa bwana mmoja aliyefungulia gesi kwanza, ndipo akaanza kutafuta kiberiti. Nyusi zake zilichukua miezi miwili kuota. Cheo hakikuungua.

Tusiwe wachoyo wa shukrani, chuo kilimthamini. Kijitabu chetu cha Usawa wa Rangi Kazini kina picha zake tatu: kwenye hadubini, maktabani ameshika kitabu asichokijua, na bustanini akicheka kichekesho ambacho hakuna aliyekisema. Kila picha na koti lake. Mgeni akihesabu harakaharaka anapata wakuu watatu weusi.

Shemeji yetu, mkewe, alinyoosha shati lilelile la usaili mara sita. Jibu la sita lilipofika alilikata shati matambara ya kufutia madirisha, akasema angalau shati limepata kazi ya kudumu.

Sisi tulicheka. Mzee siku hiyo alijifungia stoo ya kemikali saa nzima, na alipotoka alidai alikuwa anahesabu chupa. Chupa nilishazihesabu mimi asubuhi, na macho yake yalikuwa mekundu. Niliumia, jamani. Bado naumia.

Mimi ni msaidizi wake, mweusi kama yeye, mwenye shahada ya mchana kabisa na miaka kumi na miwili humu ndani. Nafasi ya Mkuu nimeiomba. Juzi ofisa utumishi aliniletea barua ya kukaimu, eti kwa muda mfupi tu, mpaka usaili. Nikampelekea mzee aniambie la kufanya. Akavaa miwani, akaisoma yote, akasema ni ileile yake, wamebadilisha tarehe tu. Kisha akachomoa kalamu mfukoni mwa koti langu, akaitia mfukoni mwake, akaenda kunawa mikono.

Basi, mzee wetu, kwa niaba ya wote uliowafundisha kazi, wakiwemo wale sita waliokuwa wakubwa wako, asante sana. Kalale mpaka jua liwe kali. Mtembeze shemeji, amekungoja vya kutosha. Afya iwe yako, na siku zote zilizobaki ziwe zako mwenyewe.

Barua nimeirudisha bila saini.