Mashahidi wa Matofali ya Mama Clotilde

Mbele ya parcelle, kiwanja ya Mama Clotilde, huku kwetu mu mutaa wa Annexe, kuko banc moja ya mbao. Asubuhi tunaikaliaka watatu: Avocat, wakili mwenye hajaingiaka mu tribunal hata siku moja, Géologue, mwenye kuona madini ya cobalt hata chini ya kuku, na miye Mapalo, mwenye kunyamaza, na ile njo ubaya yangu. Mama Clotilde anatuuzishaka kahawa. Bwana yake alikufa mwezi uliopita, na bashemeji ya Kipushi bamemwambia siku ya lundi, juma inayokuya, atoke mu nyumba, eti kaka yao aliijenga yeye peke yake. Uongo mutupu! Leo tukasikia Huguette, mutoto wa marehemu minisitiri, ule mwenye kuteteaka banamuke, anakuya kumuona.

— Kaka yake député, ule wa bunge, njo anamutuma, Avocat akasema. Anatafuta ma-voix, kura ya batu. Mutoto wa nyoka ni nyoka.

— Aa, weye! Géologue akasema. Anatafuta cobalt. Ile kichuguu tulitoa udongo ya matofali, niliionja na ulimi.

— Uliionja?

— Iko cobalt. Ukuta moja inauzwa bei ya jeep mbili.

— Na fungu yetu? Avocat akauliza. Nani alichoma tanuru siku tatu? Si ni miye! Mama Clotilde anabeba matofali ku kichwa, mimba ya miezi saba, miye nachochea moto. Bazee balisema: usipoziba ufa, utakula bukari.

— Balisema vile?

— Siku ile ilikuwa vile: tulifanya kazi, Mama Clotilde akatupikia bukari, ugali mpaka jioni.

Mama Clotilde alikuwa anasukula bilauri na maji.

Taxi-moto, pikipiki ya kulipa, ikasimama. Mwanamuke akashuka, viatu vumbi tupu. Avocat akamwambia asogee, asizibe njia ya jeep ya mutoto wa minisitiri.

— Ni miye, akajibu. Huguette.

Mama wee! Avocat akavua kofia. Ule dada akatoa karatasi mu sac yake ya begani.

— Baba alipokufa, bashemeji balifukuza mama yangu mu nyumba. Bibi ya minisitiri! Sasa hapa chef wa mutaa anataka majina mbili tu ya mashahidi. Ba-baba, nani aliona huyu mama anajenga?

— Wakati ule nilikuwa mbali, kule Mitwaba, Avocat akasema.

Sababu yake naijua. Nyumba yenye analala ni ya kaka yake marehemu, na mujane balimurudisha kwabo.

— Miye nilikuwa na malaria, Géologue akasema.

Na miye nilikuwa naangalia bilauri yangu. Haya ilinishika kabisa.

Mama Clotilde akafunga thermos, akatunyang'anya bilauri moja moja.

— Kahawa imeisha.

Thermos ilikuwa nzito, nilisikia kahawa inalia ndani.

— Lete bic niandike jina, nikasema. Nilikuwa pale. Nilikula sahani tatu ya bukari.

— Inabakia jina moja, Huguette akasema.

Géologue akaangalia thermos. Akaangalia nyumba. Akakuna kichwa.

— Mama Clotilde, ile malaria yangu… ilianza kabla ya bukari ao kisha?

— Kisha, Mama Clotilde akasema, akamupa bic, na akafungua thermos.