Mtoto wa Yule Mwanamke wa Mlimani

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu, nanyi pia mama zangu mlionicheka! Leo nasema yote, sina haya.

Mume wangu, Papa Baraka, ana ugonjwa mmoja: baiskeli, velo kama tunavyosema hapa. Kila likizo yeye na wenzake wawili wanatoka hapa Bukavu, wanapita Katana, wanapita Kalehe, halafu wanapanda milimani kule ambako gari haifiki. Hawauzi kitu, hawanunui kitu. Wanatembea tu! Jua likizama wanabisha hodi kwa yeyote. Mimi nabaki nyumbani Kadutu na mtoto mgongoni, nachota maji.

Mwaka huu alirudi na wimbo mpya: Maman Nsimire, mwenyeji wao wa kule mlimani. Maman Nsimire aliwapashia maji ya kunawa miguu. Aliwapa mashanza, yale maziwa ya kuganda, kibuyu kizima. Aliwaachia kitanda chake, akalala jikoni na mtoto. Na maharage yake! Ndugu zangu, maharage! Kama vile mimi napika mawe.

Akanionyesha picha kwenye simu. Mwanamke kijana, meno meupe, ananicheka. Mume wake yuko Mwenga anachimba dhahabu. Mgongoni ana katoto. Nikaikuza ile picha kwa vidole, nikatafuta pua ya mume wangu kwenye uso wa yule mtoto. Nikaiona! Kwamba mtoto alikuwa ameshazaliwa kabla mume wangu hajafika kule, hilo sikutaka kulisikia.

Nanyi mama zangu wa kikundi cha sala, mliniambia nifunge. Nilifunga. Njaa ikanizidishia hasira. Nilikuwa namwekea mume wangu sahani kama namtupia mbwa. Nikaamua: nitaiona ile pua kwa macho yangu, halafu narudi kwa mama yangu na mtoto, ndoa imekwisha.

Likizo iliyofuata nikamwambia tunakwenda wote. Akacheka. Alipoona nimeazima baiskeli ya kaka yangu, akaacha kucheka. Baraka, wa miezi minane, nilimwacha kwa mama. Mwanamke anayenyonyesha anapanda milima kutafuta ugomvi! Njiani nilipanga matusi, ya Kiswahili na ya Mashi, asije akasema hakuelewa.

Siku ya pili, kwenye mwinuko, matiti yakajaa. Yakawa magumu kama jiwe. Nilikamua kando ya njia, hakikutoka kitu. Homa ikapanda. Nasukuma baiskeli, natetemeka, nalia, na moyoni bado nasema: nitamwonyesha. Tulipofika kwake sikuweza hata kusimama.

Kule mgeni haulizwi neno kabla hajapokelewa. Yule mwanamke hakuniuliza mimi ni nani. Alinilaza kitandani, kitanda kile kile! Akanigusa kifua, akaelewa. Akanikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Wapi! Basi akafungua kitenge, akamtoa mtoto wake mgongoni.

"Maman, mutoto wako iko mbali," akaniambia. "Kamata huyu wangu. Iko na njaa kila saa."

Niliuangalia uso ule nilioukuza kwa vidole. Pua ilikuwa ya mama yake, ndugu zangu, wazi kabisa! Nilitaka kumsukuma, mikono ikakataa. Mtoto akashika titi, akavuta. Nililia kwa maumivu, halafu maziwa yakafunguka, na moyo wangu ukafunguka pamoja nayo. Bwana alikuwa mule ndani! Homa ikashuka. Matusi yote yakanitoka kichwani, ya Kiswahili na ya Mashi.

Nje mume wangu alikuwa anaziba mpira wa baiskeli yake. Hakujua kitu.

Asubuhi nikamwambia yule mama ukweli, kwamba nilikuja kumtukana. Akaendelea kuchagua maharage.

"Nilijua," akasema. "Hakuna mwanamuke anapanda huku na velo sababu ya mashanza. Kula kwanza, kisha utanitukana."

Nikala. Nayo maharage, ndugu zangu, yalikuwa matamu. Iliniuma.

Mnataka kujua kama wivu umekwisha? Hapana. Siwezi kudanganya mbele ya madhabahu. Kwa mume wangu umekwisha, nimemwomba msamaha. Lakini yule mwanamke namwonea wivu mpaka leo, kwa mlango wake usio na kufuli. Sisi hapa tunafunga kufuli juu ya kufuli, na jirani akiomba chumvi tunasema imekwisha. Wivu huo nimemwachia Bwana aufanyie kazi.

Juma lijalo Maman Nsimire anashuka Bukavu na mtoto wake. Atalala kitandani kwetu. Mimi na Papa Baraka tutalala jikoni. Njooni mmwone. Na wewe uliyekaa hapo, unayekuza picha kwenye simu usiku na mchana, njoo mbele tuombe. Njoo na hasira yako hivyo hivyo. Bwana hatakuuliza neno kabla hajakupokea.

Asante Yesu! Lakini siku hiyo maharage nitapika mimi.