Sauti Tuliyokatazwa Kuitikia

Ndugu zangu, mniwie radhi nikiongea huku nimeshika hiki kiti. Si kwamba nawaogopa. Kichwa changu huyumba kidogo nikisimama mbele ya watu, na wengi wenu katika hiki kikundi chetu cha walioumia kichwa hapa Majimbo mnaijua hiyo hali, kwa sababu mliangushwa na pikipiki mkaamka mkiwa watu wengine. Mimi sikuangushwa na pikipiki. Niliangushwa na mpira, tena nilikuwa nimeajiriwa kuangushwa.

Naona wengine mnacheka. Chekeni tu.

Mimi ni mtu wa Muthara, kule Meru. Shuleni nilikuwa mrefu na nilijua kuruka, basi wakaniweka kwa voliboli. Akaja mgeni kutoka Australia anatafuta vijana wanaoruka, na baada ya majaribio mengi nikajikuta huko, nimeandikwa kazi ya kucheza mpira wao. Ule mpira una umbo la yai. Uwanja ni mkubwa kuliko shamba letu na la jirani, na unacheza kwa mikono na miguu. Mpira ukipigwa juu, unaruhusiwa kupanda mgongoni mwa mtu uudake huko juu, na watu wanakushangilia. Huku kwetu ungepelekwa kwa chifu. Nilipanda migongo ya watu vizuri sana, na niliipenda ile kazi, siwezi kuwadanganya.

Shida ilikuwa kushuka. Nilianguka kwa kichwa si mara moja, na mwisho goti la mtu likanipata hapa nyuma ya sikio. Wakanipumzisha. Daktari wa timu akaniuliza kama naona vizuri, kama natapika, kama kichwa kinauma. Nikamjibu ukweli, kwamba niko sawa. Hakuniuliza kama kuna mtu ananiita.

Kwa sababu nilikuwa naitwa. Ilianza nikiwa mazoezini, mchana kweupe. Mtu aliniita kutoka nyuma, kwa jina langu la nyumbani, ambalo hakuna mtu Australia nzima alikuwa analijua. Na aliita vile sisi huita mtu aliye ng'ambo ya bonde, anavuta mwisho wa jina.

Sasa mnajua vile tulilelewa. Ukiitwa na mtu humwoni, huitiki. Hata hugeuki. Unanyamaza mpaka ajitokeze, kwa sababu hujui ni nani anakutaka, na ukiitika umejitoa kwake. Mama alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, ameshika sikio langu. Basi nikasimama katikati ya uwanja, wenzangu wananipita, mpaka sauti ikaisha. Kocha akadhani nimechoka.

Nilijiambia ni hamu ya nyumbani tu. Lakini jioni moja kijana tuliyekuwa tunaishi naye alitoka jikoni akaniuliza ni nani alikuwa anaita hapo nje. Akajaribu kulitamka lile jina kwa ulimi wake wa Kizungu, na lilikuwa langu. Nilienda nikafunga mlango kwa ufunguo. Hata hivyo, nawaambia ukweli, kuna mahali moyo ulitulia. Kama na yeye amesikia, basi kichwa changu ni kizima. Haya ni mambo ya kwetu, na mambo ya kwetu utamwelezaje daktari mzungu?

Msimu ukaisha, nikarudi Muthara kupumzika nikingoja msimu mwingine. Sauti ikaja na mimi. Mke wangu, ambaye ni mtu wa hapa Embu, aliisikia akiosha vyombo. Alitaka kuitikia, mama akamziba mdomo kwa mkono. Wachumaji wa miraa waliisikia kule chini, wakaacha kazi wakaenda zao. Hata msichana wetu mdogo alifundishwa. Ikianza tu, redio inazimwa, vijiko vinawekwa chini, watu wanaangalia sakafu mpaka ipite. Nikitoka shambani nawakuta wamekaa hivyo. Hawaniambii kitu, na mimi siwaulizi, kwa sababu nimeisikia pia huko nilikokuwa.

Mama alikuwa na maelezo yake. Jina langu ni la ndugu mdogo wa baba, aliyeteleza kwenye korongo lililo chini ya shamba letu akafa kabla sijazaliwa. Mama aliamini mwenye jina amerudi kulichukua, na mimi pamoja nalo. Akanisihi nisirudi Australia, maana huyo marehemu atanifuata na huko hakuna wa kunililia. Nikamwambia tiketi imeshakuja. Nilijua nikiukosa ule msimu, kazi imeisha.

Safari ikiwa imekaribia, ukungu ulishuka mchana mmoja, ule wa mvua za Novemba unaofika mpaka mlangoni. Nilikuwa nimeenda kukata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, na mama alikuwa anakuja nyuma na kamba ya mzigo. Sauti ikaanza, karibu kuliko siku zote. Nikasimama kama nilivyofundishwa. Ama nilidhani nimesimama. Kumbe miguu ilikuwa inatembea, na ilikuwa inaelekea korongoni.

Hapo mama alifanya kitu ambacho nikikisema bado machozi yananitoka. Aliitika. Mwanamke huyo huyo aliyenifundisha nisiitike, na aliyejua kwa moyo wake wote kwamba anayeitika ndiye anayechukuliwa. Alisema kwa Kimeru, nami nitawaambia kwa Kiswahili: "Niko hapa. Nichukue mimi. Huyu mwache."

Nikageuka, kwa sababu sauti hiyo naijua. Mama akaniona uso, akaangusha kamba. Alikuja akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akaniangalia mdomo kwa muda mrefu.

"Ni wewe," akasema. "Mtoto wangu, ni wewe unaita."

Midomo yangu ilikuwa bado inasema lile jina. Niliihisi ikigusa viganja vyake, na sikuwa najua ni yangu. Kule Australia ilikuwa ni mimi. Kwa boma yetu ilikuwa ni mimi. Wakati huo wote nilikuwa naita, na watu wanaonipenda wameketi kimya, wananikinga nisichukuliwe.

Daktari wa Meru mjini alitueleza ni kifafa cha aina isiyoangusha mtu. Mahali ubongo uliumia panashtuka, mdomo unasema, masikio yanasikia, na mwenyewe hajui. Akasema pigo lingine huenda lisiniache nikiwa mtu. Sikupanda ndege. Niliililia ile kazi vile mtu analilia marehemu, na kuna wiki nzima nilikataa kula chakula cha mama, kana kwamba ni yeye aliniharibia. Alikuwa anaweka sahani hapo, anaondoa, anaweka ingine.

Leo nameza dawa. Tulihamia huku karibu na wakwe zangu, na ninafundisha voliboli, na watoto wananiita mwalimu. Nashukuru mama, aliyejitoa akidhani ni kifo kweli. Nashukuru mke wangu, ambaye angeweza kurudi kwao na hakurudi, na yule daktari, aliyemsikiliza mama mpaka mwisho bila kumcheka. Na nyinyi, kwa sababu hapa ndipo nilisema jambo hili mara ya kwanza na hakuna aliyesogeza kiti chake mbali.

Kama kuna neno nawaachia, ni hili. Mtu wenu akianza kuwa mgeni kwenu, msimnyamazie kwa kuogopa. Mwendeeni, mkamwangalie uso.

Dawa hazijamaliza kila kitu. Leo asubuhi nikijitayarisha kuja hapa, nimesikia mtu ananiita tena. Msichana wangu alikuwa mezani anakunywa uji. Akaitika bila hata kuinua macho: "Yuko hapa, anafunga viatu." Kisha akaendelea na uji wake.