Nani Anamwandikia Nasma?

Asubuhi ile pale kijiweni Nkuhungu, Dodoma, kahawa ya Swalihu ilikuwa moto, na mdomo wa Fabian ulikuwa moto zaidi. Jana yake runinga ilikuwa imeonyesha kwa mara ya kwanza "Koki ya Uani", ile michezo ya kuchekesha ya wapangaji wanaogombea koki moja, ambayo vijana wa mtaa walikuwa wakiirekodi kwa simu na kuitupia mtandaoni bila kuandika hata mstari mmoja. Miaka hiyo kila mwenye fedha alikuwa anafungua stesheni yake, na stesheni moja ilikuwa imewataka. Mwenye nyumba mle mchezoni, Bi Mwasiti mwenye kufuli la koki, ni Nasma, binti wa Mbaruku. Na Mbaruku mwenyewe, muuza vitenge kama baba yake na babu yake, alikuwa ameketi mwisho wa benchi akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Kesho alfajiri Nasma angepanda basi kwenda Dar es Salaam kurekodi. Ijumaa alikuwa amepiga magoti akaomba radhi ya baba yake. Mbaruku alimjibu, "Nimesikia," akarudi kukunja vitenge. Tangu hapo hajaongeza neno, na moyo wake haujatulia.

— Jamani, nimecheka mpaka mke wangu kaniletea maji, alisema Fabian, dereva wa waheshimiwa, ambaye kijiweni naye wanamwita Mheshimiwa. — Lakini mimi sidanganyiki. Yale maneno yameandikwa.

— Vijana wenyewe wanasema hawaandiki, alisema Swalihu huku akimimina.

— Wanasema! Mimi nimeendesha wabunge, bwana. Hata wale wasemaji wakubwa wanakuwa na karatasi. Sembuse Nasma?

Bartolomayo alitikisa kichwa. Huyu anakamua alizeti, na wamembandika jina la Chujio kwa kumtania, maana hakuna uvumi anaouchuja.

— Karatasi wapi, Mheshimiwa? Kuna mtu kwenye tenki la maji.

— Tenki lipi?

— Lile jeusi nyuma ya Bi Mwasiti. Umewahi kuliona likifunguliwa? Mtu yumo mle, ananong'ona. Yule mpangaji mrefu akisahau maneno, anagonga tenki kidogo, anaambiwa.

— Na jua lote hili la Dodoma? Si angeiva!

— Ndiyo maana vipindi vyao vifupi.

Kijiwe kikacheka. Mbaruku hakucheka. Tenki lile ni la dada yake, na ndani yake mna maji ya kufulia tu.

— Tenki ni mambo ya zamani, alisema Fabian, akishusha sauti kama anayetoa siri ya serikali. — Sasa wako kwenye runinga. Wale wana mitambo. Maneno yanarushwa kutoka Dar, yanapita kwenye dishi, yanaingia kwenye hereni. Mmeziona hereni za Nasma jana? Kubwa kama visosi! Redio zile.

— Kama ni hivyo nami nivae, alisema Chujio. — Mke wangu akinibana, natumiwa jibu kutoka Dar.

— Hereni gani! alifoka Mbaruku, kahawa ikammwagikia kwenye kanzu. — Siku ile wapangaji walipomfungia bafuni, mwenye nyumba mzima, sabuni machoni, alivaa hereni? Alikuwa na taulo kichwani tu!

Swalihu akaweka birika chini taratibu.

— Mzee Mbaruku, ya bafuni haikuonyeshwa jana.

— Eh?

— Hiyo ni ya mtandaoni. Ya mwaka juzi, zile za mwanzo kabisa. Na wewe si ulituapia hapa kwamba simu yako ni ya kupigia tu? Ukasema kuchekesha watu si kazi?

Mbaruku alitafuta pa kuficha uso, akakosa. Basi akaona bora aseme yote.

— Naangalia dukani, nyuma ya vitenge. Haya, mmefurahi? Nanunua bando kwa siri kama mtoto! Na nawaambieni, hakuna anayemwandikia. Mwangalieni macho. Siku yule mrefu aliposema mbuzi ndiye kanywa maji yote, hawakuwa wamepanga. Nasma kanyamaza, kajikuna kidevu hivi, kisha kasema, "Basi na huyo mbuzi kuanzia leo alipe kodi." Palepale! Yule mrefu kashindwa, kageukia ukutani acheke. Nimerudia hapo sijui mara ngapi. Mimi nimekaa dukani umri wangu wote nikijibizana na wateja, na jibu zuri linanijia wakishaondoka. Yule mtoto lake linakuja mtu bado amesimama. Ana kipaji, jamani. Ana kipaji mpaka naogopa.

Ukingoni mwa benchi alikuwa ameketi Optatus, mtumishi wa wizara aliyehamia mtaani wiki ile kutoka Bukoba. Zaidi ya shikamoo, alikuwa hajasema kitu.

— Samahani, mzee, aliuliza. — Haya yote, yeye mwenyewe anayajua?

Fabian, mwenye jibu la kila jambo, akatazama ndani ya kikombe. Chujio akakohoa.

Mbaruku akatoa simu, akampigia binti yake. Sauti ya simu ile husikika hadi ng'ambo ya barabara, na safari hii hakuna aliyejifanya hasikii.

— Shikamoo, baba. Kuna nini dukani?

— Marahaba. Dukani salama.

Akakwama. Maneno alikuwa nayo tele sasa hivi tu, mbele ya watu yasiowahusu.

— Nasma, nimeangalia.

— Ya jana, baba?

— Zote. Tangu ile ya bafuni. Nenda, mwanangu. Nimekuridhia.

Kijiwe kizima kikasubiri. Walimjua Bi Mwasiti, walijua jibu litakuja, tena la kuvunja mbavu. Halikuja. Nasma, ambaye hajawahi kuishiwa maneno mbele ya mpangaji yeyote, aliishiwa, na kwenye simu ikasikika pumzi tu ya mtu anayejizuia kulia.

— Upo? aliuliza Mbaruku.

— Nipo, baba.