Fungeni Ghala, Mlango wa Jikoni Uacheni

Sogeeni, wanangu. Delfino kaa huku, Zoraida kaa kule, na kuni zisipungue jikoni, maana pumzi hii niliyobaki nayo ni ya kuazima na mwenyewe yuko njiani kuidai. Kabla ya lolote nasema ahsante. Ahsante kwa Mungu aliyenizeesha katika bonde hili la San Luis, ahsante kwa maharage na pilipili ya kijani, ahsante kwenu nyinyi wawili, ingawa mvi zote hizi mmeniotesha nyinyi. Usicheke, Delfino, zako zinakuja.

Nyumba hii ya matofali ya udongo ni yenu nyote, na shamba mligawane kwa kuufuata mfereji kama alivyotaka baba yenu. Lakini najua ugomvi wenu si wa shamba, ni wa ile bangi iliyopandwa ghalani. Mimi naumwa magoti, siumwi masikio! Zoraida unasema ing'olewe yote, kwa sababu mwanao Nelva akija hapa hutia mdomoni kila anachokiona. Delfino unasema sheria inaturuhusu, na nyumba ikifungwa basi yatosha, ndiyo maana umekipachika kitasa kipya kwenye mlango wa jikoni, utadhani tumeficha dhahabu.

Sikilizeni. Bangi hiyo haing'olewi. Bibi yangu aliiloweka katika pombe kali akajichua nayo magoti, enzi ambazo jani moja lilitosha kumpeleka mtu jela, na siku sheria ilipobadilika nililia kwa furaha, mimi mzee mzima. Kwa dawa hiyo nimesimama kukanda unga mpaka mwaka huu, na naishukuru. Lakini ruhusa ina masharti yake: isionekane na mpita njia, ifungiwe, mtoto asiifikie. Yule askari wa sherifu aliyekuja kuikagua alituambia hapa hapa mezani, maharage yangu yakiwa mdomoni mwake, "Bibi, kama hakuna mtoto nyumbani, kufunga mlango wa nje kunatosha. Ila mjukuu akija kukutembelea hakutoshi, fungeni chumba chenye mimea." Wewe Delfino ulishika nusu ya kwanza ukakimbia nayo dukani.

Na mlango wa jikoni katika bonde hili haufungwi. Baba yenu Eliseo, kabla hatujaoana, alikamatwa na dhoruba ya theluji, akatembea kwa kupapasa mpaka akagusa mlango wa watu ambao hata hawakuwapo, akaingia, akawasha moto, akala mkate wao, akaosha sahani, akaondoka asubuhi. Mlango ule ungekuwa na kitasa, wanangu, nyinyi msingezaliwa. Na majira haya ya baridi nilipoanguka kando ya jiko, nani aliniokota? Jirani yangu Belarmina, aliyeingia na mkate wake bila kubisha, kama siku zote. Angekuta pamefungwa angesema nimelala, akarudi kwake, na mimi ningeganda kwa baridi pale sakafuni. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki hafungiwi mlango.

Basi kitasa hicho king'oeni mkakitie ghalani, badala ya ule waya mnaouzungusha. Dirisha la upande wa barabara lizibeni kwa mbao. Na ufunguo, Zoraida, uvae wewe shingoni.

Nyamaza, Delfino, najua kwamba unayemwagilia ni wewe. Ndiyo maana! Mwenye hofu hasahau kufunga. Kila ukitaka kumwagilia utavuka mfereji umwombe dada yako, naye atakufungulia, na hapo mtalazimika kusemezana. Tangu tumzike baba yenu mnaongea kwa kupitia kwangu, "mwambie Delfino", "mwambie Zoraida", nimekuwa simu yenu. Simu sasa inazimika, wanangu. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Nyinyi mmelima vya kutosha, sasa chukueni kapu.

Nizikeni kando ya Eliseo, na waliokuja muwalishe washibe. Pigeni magoti niwabariki... karibu zaidi, mkono umekuwa mzito. Kwa jina la Baba... mpendane. Nimewapenda. Nilikuwa na bahati, jamani, nilikuwa na bahati sana...

Nini hicho? Nani anabisha?

Nyumba hii haibishwi hodi. Delfino... umefunga? Mama yako yuko kitandani, nawe umefunga? Usinijibu. Huyo ni Belarmina, nasikia harufu ya mkate wake... amesimama kwenye baridi. Nenda kafungue. Zoraida, nenda naye... mshikeni mkono... nendeni wote wawili.

Ahaa. Mlango umefunguka, upepo huo unaingia.

Ingia, Belarmina. Karibu... karibu ndani.