Dirishani Nilisema Hapana

Bwana asifiwe! Asifiwe tena kwa ajili ya kila mkono ulionibeba Jumamosi ile kule Handeni, maana wengine wenu mko hapa na mnajua nilivyokuwa mzito. Ndugu zangu, tangu siku ile sijasimama mbele yenu. Leo nasimama kwa shida. Si kwa ugonjwa. Ni aibu, na mshtuko ambao mpaka sasa haujanitoka.

Mimi mnanijua, Mama Stella wa Kilole, fundi cherehani wa pale Manundu na mwalimu wa kwaya yetu. Jina langu la utani pia mnalijua, msijifanye. Mama Viporo! Kitambaa chako nikikikata Jumatatu, Ijumaa nguo ina mkono mmoja. Naanza suruali ya huyu, narukia gauni la yule, katikati nasikia harufu, kumbe maharage yanaungua jikoni. Mlicheka, nami nikacheka nanyi. Nyumbani nilikuwa nalia. Nilidhani ni uvivu, nikaombewa uvivu.

Mwaka jana mume wangu akanipeleka Dar kwa daktari wa akili. Akanihoji siku mbili, akasema tatizo langu lina jina, wao wanaliita ADHD. Akili haitulii kwenye jambo moja, na hali hiyo ninayo tangu utoto. Akaniandikia kidonge kimoja kila asubuhi, dawa ya kuchangamsha ubongo ili utulie. Kuchangamsha ili utulie! Hata mimi nilimwangalia mara mbili. Lakini wiki chache baadaye nilimaliza sare za shule kabla ya siku niliyoahidi, na wateja wakadhani wamekosea mlango.

Sasa, daktari wa akili! Ningewaambiaje watu wa kanisani? Nikavitoa vidonge kwenye boksi lake, nikavitia kwenye kopo la vitamini, kopo nikalificha nyuma ya mafuta ya cherehani. Mume wangu pekee ndiye aliyejua. Na yule daktari alikuwa amenionya waziwazi: "Mama, kabla ya kumeza dawa nyingine yoyote, hata ya mafua, itaje hii kwanza." Nikaitikia vizuri kabisa. Kuitikia ni rahisi.

Ikafika Ijumaa, kesho yake tunakwenda kuimba kwenye mkutano Handeni, na mimi pua imeziba. Nikaenda duka la dawa karibu na stendi. Mnalijua dirisha lile. Ni dogo, wateja wamebanana bega kwa bega, ukitaja ugonjwa wako unasikika mpaka kwa wauza machungwa. Dada wa dukani akauliza kama inavyotakiwa, "Mama, una presha? Kuna dawa nyingine unatumia?" Nikageuka kidogo. Nyuma yangu amesimama nani? Mama Mchungaji!

Nikasema, "Hapana, mwanangu. Situmii kitu."

Akanipa vidonge vya kufungua pua, nikaondoka.

Jumamosi asubuhi nikameza kidonge changu cha kila siku. Nikameza na vya mafua, viwili badala ya kimoja, ili nipone haraka. Kula sikula, maana kwaya yetu hufunga mpaka tumalize kuimba. Ila tuna ile sheria yetu tuliyojitungia wenyewe, kwamba kahawa chungu haivunji mfungo. Sijui tuliisoma wapi! Nikanywa kikombe kabla ya safari, nikaongeza njiani, na tulipofika Handeni nikaongeza tena.

Wimbo wa pili haukuisha. Moyo ulianza kwenda mbio kama cherehani ya umeme iliyonasa pedeli. Kichwa kikauma, kifua kikabana, jasho likanitoka mpaka kwenye vidole. Nikaanguka mbele ya halaiki yote.

Nanyi mkafanya mnachokijua. "Pepo! Pepo la kupinga huduma!" Mama Mchungaji akanishika kichwa, akakemea, "Toka! Toka kwa binti huyu!" Siwalaumu, mlinipenda. Lakini ndugu zangu, nilikuwa nasikia kila neno! Nilijua kabisa si pepo. Nilijua nilichomeza na nilichokisema dirishani. Na nikanyamaza! Niliwaza, wakikemea nikainuka, nitaonekana mshindi. Nikitaja dawa, nitaitwa kichaa. Hebu oneni mtu anakufa huku analinda heshima! Nilijiogopa mwenyewe.

Kisha moyo ukaruka, ukasita, ukaanza tena. Nikamwona Stella wangu anarudi kutoka shule, mlango umefungwa, hakuna wa kumwitikia. Nikasema rohoni, Bwana, nifungue kinywa. Nikaushika mkono wa Mama Mchungaji.

"Mama, si pepo. Ni dawa. Natumia dawa ya akili, nimeichanganya na ya mafua. Pale dirishani nilidanganya."

Nilijua atauachia mkono wangu. Badala yake aliinuka nao akapaza sauti, "Nani ana pikipiki hapa?"

Baba mmoja Mzigua, Mwislamu aliyekuwa amesimama pembeni akisikiliza nyimbo, akawasha yake. "Mpandisheni katikati. Mama, nawe kaa nyuma umshike." Hakuuliza mimi ni wa dini gani. Mungu ambariki popote alipo.

Hospitalini daktari akanipima presha, akapima tena, maana hakuiamini mashine. Akauliza nimemeza nini. Safari hii nilitaja vyote, hata kahawa. Akashika kiuno. "Mama! Dawa yako ya asubuhi yenyewe inaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, ndiyo maana inataka upimwe. Hiyo ya kufungua pua inabana mishipa, nawe umezidisha. Juu yake kahawa, na tumboni hamna kitu! Umewasha majiko matatu chini ya sufuria moja."

Akaniambia zipo dawa za sonona ambazo kukutana na hii yangu ni hatari kubwa, na za presha ambazo zinaweza kupungua nguvu. Vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi, hata mizizi ya kienyeji, vyote nivitaje. Na nisije nikaiacha dawa kwa woga bila kuongea na aliyeniandikia. Mimi ni fundi cherehani, ndugu zangu, msinifanye daktari. Kaulizeni wenyewe.

Wakanilaza mpaka moyo ukatulia. Mama Mchungaji alikuwa kwenye benchi kando ya kitanda. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, nilidanganya mbele yako." Alifungua fundo la kanga yake, akatoa karatasi ya vidonge. Ilikuwa tupu.

"Hizi zilikuwa dawa za presha," akasema. "Mwaka wa pili huu natumia, hata mchungaji hajui. Ziliisha Alhamisi. Ijumaa nilikuja pale dirishani kuchukua nyingine. Nikakuona wewe. Nikanunua dawa ya kichwa, nikarudi nyumbani."

Jamani! Mimi namficha yeye, yeye ananificha mimi! Daktari akampima palepale. Akaita muuguzi, na kitanda cha pili chini ya paa lile kikapata mtu.

Ameniruhusu kuyasema haya. Yule pale kiti cha mbele, anaitikia kwa kichwa. Na boksi langu hili hapa, vidonge vimerudi ndani, jina liko nje lisomeke. Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye kifungo cha neno moja, hapana. Mtumainini, ndugu zangu, yeye hatuonei aibu. Kesho mkifika dirishani semeni yote mnayotumia. Mkigeuka mkaniona niko nyuma yenu, nitarudi hatua tatu niangalie barabarani.

Na wewe dada yangu, uliyekaza mkono kwenye fundo la kanga tangu nilipoanza kusema, nimekuona. Lifungue.