Radhiya binti Mmanga na Nyumba ya Tomondo

Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Abdulwahid Mmanga, kwenye hitma iliyofanyika Tomondo, Unguja, Jumamosi tarehe 22 Februari 2025

Siku ya Bi Radhiya Mmanga Talib ilikuwa Jumatano iliyopita. Hakuna awezaye kumuongezea jema wala kumpunguzia kosa. Kilichobaki kwa waliomjua ni kumsema kwa haki, bila ya kumpamba.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1972 katika kijiji cha Jongowe, kisiwani Tumbatu, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mmanga Talib, msukaji wa madema ya kuvulia samaki, na Bi Wanu. Nyumba ile haikuwa ya njaa, lakini haikuwa ya kumwaga. Nazi ikikunwa ilikamuliwa tui la kwanza, la pili na la tatu, kisha chicha ikaliwa na kuku. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi alipewa sufuria akamwage maji yaliyochemshiwa samaki. Hakurudi. Mama yake alipotoka kumtafuta alimkuta amechutama uani, sufuria kaipakata.

"Nini tena, we Radhiya?"

"Yananukia, mama. Nnayaonea huruma."

Bi Wanu aliyachukua yale maji akayapikia muhogo, na watu wakala wakasifu.

Skuli ya msingi aliisoma hapo hapo Jongowe, na Kurani aliikhitimu akiwa bado mdogo. Mwaka 1987 alivuka kuja mjini, akakaa Ng'ambo, mtaa wa Kikwajuni, kwa shangazi yake, akamaliza masomo ya sekondari mwaka 1990. Alipenda kusoma zaidi. Wadogo zake walikuwa nyuma yake wanasubiri zamu, naye akawapisha.

Mwaka 1993 aliajiriwa katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli moja ya Shangani, na mwaka 2004 akafanywa msimamizi wa chumba hicho. Wenzake wanakumbuka habari ya boflo. Kila asubuhi wageni walibakisha mikate mingi mezani, na baadhi ya wafanyakazi walikuwa wakiitia mikobani na kutoka nayo kwa mlango wa nyuma. Radhiya hakuitia mkobani. Alikwenda kwa meneja, akasimama mbele ya meza yake, akasema, "Mikate ile mnaitupa. Mimi naitaka, lakini nnataka nipewe." Meneja akacheka, akaruhusu. Tangu siku ile wafanyakazi wote wakawa wanatoka na boflo kwa mlango wa mbele. Wapo waliomkasirikia kwamba kawaumbua. Kwake yeye, kitu cha kutupwa kikichukuliwa kwa kificho kilikuwa kimeibiwa vilevile.

Ijumaa ya tarehe 11 Oktoba 1996 aliolewa na Bwana Khalil Hamid, mwalimu wa hesabu, wa Malindi. Walianza maisha katika chumba cha juu cha nyumba kongwe ya ukoo wa Khalil, huko huko Malindi, na Mwenyezi Mungu akawaruzuku watoto watatu: Hafiz, Zeyana na Nadra. Masika ya mwaka 2011, kipande cha dari kiliangukia kitanda cha watoto. Watoto walikuwa chuoni, wanasoma Kurani. Radhiya aliondoa mawe na chokaa, akakung'uta shuka, akakaa juu ya kile kitanda mpaka mumewe aliporudi kutoka kazini.

"Mama Hafiz, mbona umekaa hapa?"

"Nnapima pangewatosha wangapi kufia."

Ndipo ilipoanza habari ya nyumba hii. Januari 2013 walitia saini ya kuinunua kwa mkopo wa benki, kwa utaratibu usio na riba, wa kulipa kila mwezi kwa miaka kumi na miwili: vyumba viwili, ukumbi, na ua ambao leo mmeukalia.

Walio karibu naye wanajua kwamba saini ile aliitia kwa hofu. Mwaka 2001, baba yake alipozikwa Jongowe, liliulizwa lile swali linaloulizwa kwenye kila maziko yetu, kwamba kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze. Mtu mmoja akajitokeza. Lilikuwa deni dogo la kamba za madema, na yule mtu alikuwa na haki ya kulitaja. Watoto walilipa siku ile ile. Lakini Radhiya alikuwa na wanawake nyuma ya ukuta, na sauti ya mtu yule aliisikia mpaka mwisho wa maisha yake. Waliporudi kutoka benki siku ile ya saini alimwambia mumewe, "Baba Hafiz, paa nnalitaka. Lakini usiniache nikalala kaburini na deni." Kutoka siku hiyo, kila alichopika, alichovaa na alichokataa kilitokana na neno hilo.

Alikwenda Darajani baada ya alasiri, wakati wauza samaki wanapotaka kurudi makwao.

"Bi Radhiya, saa hizi wamebaki vichwa na paka."

"Paka mwachie mwenyewe. Nifungie vichwa."

Vichwa vya changu vilikuwa mchuzi kwa embe mbichi, maana ndimu zilikuwa ghali. Choroko alizichemsha kidogo tu, akaitia sufuria katika kapu, akaifunika blanketi kuukuu, zikaiva kwa joto lake na gesi ikapumzika. Ukoko wa wali ulianikwa, ukaliwa asubuhi kwa chai. Boflo lililolala alilichovya kwenye yai moja na maziwa kidogo, akalikaanga, na watoto walikua wakidhani hicho ni chakula cha sikukuu. Mwaka 2020 hoteli zilipofungwa na mshahara ukasimama, alipika mikate ya kumimina akaiuza mtaani, na fedha ya benki haikuchelewa hata mwezi mmoja. Pamoja na yote hayo, mwezi wa Ramadhani sahani yake ya futari haikukosa kwenda kwa jirani, na kilichomo kilikuwa bora kuliko kilichobaki chunguni. Ubahili ni kumnyima mwenzio. Radhiya alijinyima nafsi yake. Wasiojua tofauti hiyo wajifunze.

Kilichomletea maneno zaidi ni sare. Wanawake wa mji wetu wameifanya harusi kuwa duka: kila shughuli ina kitambaa chake, na asiyenunua anahesabiwa kuwa hakuja. Radhiya alikwenda harusi zote, akaosha vyombo, akakaa jikoni hadi mwisho, na miaka yote hiyo alivaa gauni moja la kijani. Wifi yake, Bi Hind, dada wa Khalil, alimwambia ukumbini mbele za watu, "Wifi, gauni hili sasa tulipe kadi yake ya mwaliko, maana linakuja peke yake."

"Lipe, wifi," Radhiya akajibu. "Na sahani ya biriani uliwekee, litanipelekea nyumbani."

Watu walicheka, na Hind mwenyewe akacheka. Lakini waliomfuata nyuma siku ile walimuona akijifuta macho kwa ncha ya buibui. Alikuwa mwanamke kama wanawake wengine, akipenda kupendeza.

Sasa inafaa lisemwe jambo ambalo baadhi ya jamaa wangependa lipitwe. Ramadhani ya mwaka 2023 Radhiya aligundua uvimbe kifuani, upande wa kushoto. Hakumwambia mtu. Alisema moyoni, ipite sikukuu. Ikapita sikukuu, akasema aingie Hafiz chuo. Hafiz akaingia chuo, akasema imebaki miaka miwili tu ya nyumba, kisha akasema umebaki mmoja. Kila mwezi alipima safari ya hospitali na fedha ya benki, na kila mwezi benki ilishinda. Maumivu yalipozidi alijifunga kanga chini ya gauni, akenda kazini. Mwezi wa Juni 2024 Zeyana alikuwa akifua, akaikuta kanga ile ina damu. Akaingia nayo chumbani.

"Mama, hii nini?"

"Iache, mwanangu. Nitaifua mwenyewe."

"Sikuulizi nani ataifua."

Daktari alisema ugonjwa umeshasambaa. Alisema pia, kwa upole na bila ya kuulizwa, kwamba angekuja mwaka uliopita maneno yangekuwa mengine. Radhiya alipelekwa Dar es Salaam mara mbili kwa matibabu, na aliyapokea yote kwa subira. Khalil alitaka kuiuza nyumba ampeleke nje ya nchi. Radhiya alikataa.

"Nyumba nitaipata nyengine," Khalil akamwambia. "Wewe nitakupata wapi?"

"Baba Hafiz, daktari kakwambia nini?"

Khalil akavuta kiti, akakaa.

"Basi usiwauzie watoto paa ukaninunulia miezi."

Haya hayasemwi ili asifiwe nayo. Tumefundishwa kwamba mwili una haki juu ya mwenye nao, na haki hiyo nayo ni deni. Radhiya alilipa madeni yote akaliacha hilo, na alilijua. Wiki mbili kabla ya kufariki aliwaita binti zake, akawashika mikono, akawaambia, "Mimi nimekosea hesabu. Nyinyi mkiumwa, semeni siku hiyo hiyo." Enyi akina mama mliokaa hapa na maumivu mnayoyafunika kwa kanga, wasia ule na nyinyi unakuhusuni.

Miezi ile ya mwisho Bi Hind alihamia hapa Tomondo kumuuguza. Alipika jikoni, na Radhiya aliyekuwa amelazwa ukumbini alisikiliza kila sufuria.

"Wifi, hilo tui la pili, usilimwage."

"Silimwagi. Wewe hata peponi utaulizia chumba cha bei nafuu."

"Nitaulizia viwili. Kimoja chako."

Hind alitoka uani, akakaa huko kwa muda mrefu.

Malipo ya mwisho yalifanywa Januari mwaka huu. Radhiya hakuweza tena kusimama, kwa hiyo Khalil alikwenda benki peke yake, akarudi na hati ya nyumba, akaiweka juu ya mto karibu na kichwa chake. Radhiya hakuifungua. Aliuliza kama benki wanamdai chochote tena. Khalil akasema hapana. Akauliza tena. Khalil akasema, "Hapana, mke wangu. Hawatudai." Alilala tangu adhuhuri mpaka magharibi, usingizi ambao watu wa nyumba hii hawakuuona kwake kwa miaka mingi.

Mwezi uliofuata alitoa wasia wake, Khalil na Hind wakiwa mashahidi. Alisema kwamba akifa, hitma yake isipikwe biriani. Asichinjiwe ng'ombe wala mbuzi. Mtu asikope dukani hata kilo moja ya mchele kwa ajili yake. Bi Hind aliona uzito.

"Wifi, ukoo wetu unajulikana. Watu wa mji watasema."

"Watasema, ndiyo. Lakini watasema washashiba."

"Wali mtupu kwa hitma, Radhiya?"

"Si mtupu. Wali wa nazi na choroko, na dagaa wa kukaanga. Kama kuna atakayekuja kuniombea dua kwa sababu ya nyama, dua yake mwachieni."

Alifariki dunia Jumatano tarehe 19 Februari 2025, mwezi 20 Shaaban 1446, baada ya sala ya alfajiri, katika nyumba yake mwenyewe, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Alizikwa siku hiyo hiyo alasiri katika makaburi ya Mwanakwerekwe. Swali la deni liliulizwa kaburini kama desturi. Khalil alilirudia mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, ili aliyesimama mbali asije akasema hakusikia. Hakuna aliyejitokeza.

Kuna waliokuja kwa familia tangu siku ile na kusema kwamba wasia wa mgonjwa haulazimu katika mambo ya chakula, na kwamba heshima ya ukoo inataka biriani. Mmoja alijitolea kukopesha ng'ombe. Aliyemjibu ni Bi Hind. Alimwambia, "Ng'ombe wako mrudishe bandani. Huyu hatumkopei." Chakula mtakacholetewa baada ya dua ni wali wa nazi, choroko na dagaa. Kila punje imenunuliwa kwa fedha iliyokuwepo, na Bi Hind ndiye aliyesimamia jiko.

Marehemu ameacha mume, Bwana Khalil Hamid; watoto watatu, Hafiz, Zeyana na Nadra; mama yake mzazi, Bi Wanu, aliye Jongowe na ambaye kwa udhaifu wake hakuweza kuvuka; ndugu yake Abdulwahid na wadogo zake wengine; wifi yake, Bi Hind; na majirani wa Tomondo ambao kila mmoja amekula katika sahani yake.

Aliomba asilale na deni la mtu, na amelala bila ya deni la mtu. Lile moja la mwili wake liko baina yake na aliyemuumba. Mola wetu amsamehe alipojidhulumu, amfanyie wasaa pale alipojibana, na kaburi lake aliepushe na kila kitisho. Amin.